Lori la Majani Siku ya Sabato

Simu ya Persis Nyabuto ilitetemeka mara mbili, ikanyamaza.

*Konokono ametoka shimoni.*

Rangi ilikuwa imeondoka ghalani Nyansiongo.

Persis akasukuma bastola yake ya Glock kiunoni, akawasha gari lake la Subaru. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi. Barabara ilikuwa tupu mno, na utupu huo ulikuwa umemkera tangu alfajiri bila yeye kujua sababu.

Miezi miwili yeye na kitengo chake cha upelelezi walikuwa wakiifuata rangi hiyo. Mapipa arobaini, masalio ya karakana ya meli iliyofungwa ng'ambo. Ni rangi ya kupakwa tumbo la chombo ili kome na majani ya maji visishike. Ndani yake mna TBT, sumu ya bati, ambayo meli zilikatazwa kuitumia zamani. Sumu hiyo haikai kwenye chombo. Huvuja. Kiasi kisichoonekana kwa macho humwotesha konokono jike viungo vya dume, asizae tena. Kutoka kwa konokono huingia kwa samaki. Kutoka kwa samaki, mezani.

Mtu mmoja aitwaye Holst alikuwa amewaahidi wenye vizimba vya samaki ziwani rangi ya muujiza. Kesho wangeanza kupaka.

Redio ya Motorola ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Mokua, mkuu wake.

"Droni inaona magari mawili tu. La maziwa, na lori la majani chai linalokuja kwako Birongo. Polisi kizuizini wameliachilia. Limejaa magunia ya majani mabichi. Achana nalo."

Persis akapunguza mwendo. Sasa alijua kilichomkera.

"Mkuu, hayo majani yamechumwa na nani?"

"Sema vizuri."

"Leo ni Sabato."



Karibu wote upande ule ni Wasabato, na vituo vya majani vilikuwa na kufuli tangu Ijumaa jioni. Mama yake Persis hakuwahi kugusa jani la chai siku ya Jumamosi, maisha yake yote. Yeyote aliyelipanga lori lile hakuwa mtu wa hapa.

"Piga magurudumu risasi," Mokua akaagiza.

Persis akatazama mbele. Barabara iliteremka hadi darajani. Chini yake kijito kiliingia mto Gucha, na Gucha uliingia ziwani. Lori likipinduka pale, sumu itafika ziwani, naye atakuwa amemfanyia Holst kazi yake.

"Hapana, mkuu."

Akaificha Subaru nyuma ya migomba. Mwanamke wa makamo alikuwa akifunga lango lake, Biblia kwapani. Persis akamwamkia kwa Kigusii, akaonyesha kitambulisho, akaomba kikapu cha kuchumia.

Mwanamke, jina lake Drusilla, akamtazama kama aliyetukanwa. "Leo sichumi, na kikapu changu hakichumi."

"Tutajaza nyasi, mama. Lori linalokuja limebeba sumu ya kuua samaki wa ziwa zima."

Drusilla akafikiri. "Bwana Yesu aliuliza nani asingemtoa ng'ombe mmoja aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato," akasema. "Hao samaki ni ng'ombe wengi." Akaitazama miguu ya Persis. "Na viatu hivyo? Hata mtoto atakucheka. Vaa gambuti zangu za mpira."

Lori likatokea juu ya mteremko. Isuzu yenye rangi za kiwanda cha chai, zote mpya.

Persis akasimama kando ya barabara, kikapu mgongoni, mkono juu. Dereva wa kwao angemwona mchumaji siku ya Sabato, angejua ni mtego na kukanyaga mafuta. Huyu alijua kitu kimoja tu: lori la majani likimpita mchumaji, mchumaji hupiga simu kiwandani kulalamika.

Breki zikalia.

"Haraka, mama, weka nyuma," dereva akasema kwa lafudhi ya mbali. Kando yake Holst, mzungu mwenye koti jeupe la ukaguzi, alivuta kofia usoni.

Persis akateremsha kikapu. Mkono wake ukatoka kwenye nyasi na Glock.

"Zima. Tupa ufunguo."

Ufunguo ukaanguka lamini. Dereva akainua mikono.

Holst hakuinua yake. Alitabasamu, akatazama kijito ambako ushahidi wote ungezama, akaachilia breki ya mkono.

Lori likaguna. Likasogea kidogo.

Likasimama.

Persis akachungulia. Mbele ya gurudumu la nyuma palikuwa na jiwe kubwa kama chungu. Drusilla alikuwa akijipangusa viganja kwa leso. Kwenye milima hii, lori likisimama mteremkoni, mtu huweka jiwe. Hangojei kuambiwa.

Tabasamu la Holst likaondoka. Pingu zikalia mara mbili.

Mokua alifika na Land Cruiser mbili. Wakahesabu chini ya magunia: mapipa arobaini, hakuna lililovuja. Mokua akauliza kama mama yule alikuwa ofisa wa kitengo.

"Alikuwa anaenda kanisani," Persis akajibu.

Drusilla alipokea gambuti zake, akazikagua soli. "Kuweka jiwe si kazi," akasema, kama aliyeulizwa. Akaweka Biblia kwapani, akashika njia.

Persis akateremka hadi kijitoni, akainama. Juu ya jiwe lenye majani ya maji, konokono mmoja alikuwa akitambaa, polepole, bila habari.

Akaujibu ule ujumbe wa asubuhi: *Konokono yuko nyumbani.*

Kisha akapanda kwenda Subaru, bila kugeuka.