Magonjwa Mawili Katika Banda Moja

Ijumaa ilikuwa siku ya Nasimiyu ya mapumziko. Asubuhi alifua nguo juu ya paa la jengo alimoishi katika mtaa wa Najma, jijini Doha, kisha akampigia simu mumewe, Silvesta.

Silvesta alikuwa nyumbani, karibu na msitu wa Mlima Elgon. Alilea watoto na kufuga nguruwe. Nguruwe hao walinunuliwa kwa mshahara wa Nasimiyu, aliyesafisha vyumba katika hoteli moja mjini Doha. Walikuwa wamekubaliana hivi: nguruwe wakiongezeka, mama anarudi nyumbani.

"Mama Tiffany," Silvesta alisema, "nguruwe wanakufa."

"Si ulisema wanakohoa tu?"

"Nilidhani ni kikohozi kile kile, nikangoja. Leo nimekuta wanne wamekufa. Masikio ni mekundu sana. Yule jike mkubwa hasimami. Lakini mchinjaji yuko hapa, atawachukua walio hai."

Nasimiyu hakukata simu. Alishuka nayo ngazi hadi chumbani kwa Jebet, daktari wa mifugo kutoka Kenya. Jebet alitibu farasi na ndege wa kuwindia katika kliniki moja hapo Doha.

"Daktari, samahani kwa kukusumbua siku ya mapumziko. Msikilize mume wangu."

Jebet alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Baba Tiffany, nguruwe mwitu hufika hapo bandani?"

"Hufika. Huja kula mabaki."

Jebet alishusha pumzi. "Hii inafanana na homa ya nguruwe ya Afrika. Huletwa na kirusi. Nguruwe mwitu wetu anaweza kuwa nacho damuni na asiugue. Kinga ya mwili wake hukivumilia. Wa nyumbani hawezi."

"Na kikohozi?" Nasimiyu aliuliza.

"Huenda ni kirusi kingine. Kuna virusi vinavyodhoofisha kinga, yaani nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi. Mnyama anakonda, anakohoa. Halafu ugonjwa wa pili unaingia, na mfugaji anadhani ni ule wa kwanza. Mwite ofisa wa mifugo apime damu."

"Dawa ni gani?"

"Ya homa hii hakuna. Chanjo pia hatuna."

"Basi acha niwauze," Silvesta alisema. "Nitapata hata kidogo."

"Usiuze! Nyama hiyo haimdhuru mtu, lakini inabeba kirusi hadi kwenye mabanda ya wengine."

"Mama Tiffany, unasemaje?"

Nasimiyu alimfikiria jirani yao Rael, mjane anayelisha watoto wake kwa nguruwe. Akawafikiria wanawe pia. Machozi yakamtoka.

"Mwambie mchinjaji aende."

Vipimo vilionyesha virusi vyote viwili. Hakuna nguruwe aliyepona. Silvesta na ofisa waliwafukia kwenye shimo refu, wakamwaga chokaa juu. Walichoma matandiko, wakaosha banda na viatu kwa dawa ya kuua virusi. Kisha Silvesta alipita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia majirani wajenge uzio imara wa kuzuia nguruwe mwitu, wachemshe mabaki ya chakula kabla ya kuwalisha nguruwe, na wasingoje wakiona mnyama anaugua.

Majirani walifanya hivyo. Mabanda yao yalisalimika. Miezi kadhaa baadaye Rael mwenyewe alipiga simu Doha.

"Dada, nguruwe wangu amezaa. Ofisa akiruhusu, nitawapa wawili mwanzie hapo."

"Asante, dada," Nasimiyu alisema. Alifurahi kwa ajili ya Rael, lakini furaha hiyo haikumfikia moyoni. Wiki hiyo alikuwa ametia sahihi mkataba mwingine wa hoteli, wa miaka miwili.

Tiffany, aliyekuwa hapo kwa Rael, alichukua simu.

"Mama, ulisema utakuja mwaka huu."

"Nilisema, mwanangu," Nasimiyu alijibu.