Sufuria ya Jumamosi

Tangu nishike kazi ya kuonja katika jumba la mfalme, hakuna kitu kilichomfikia bwana mkubwa mezani bila kupita kwanza kwenye midomo yangu mimi, Gilbert Tansley. Hilo naapa. Midomo hii imeokoa mabwana wengi kuliko mikuki ya walinzi wote, ingawa nyama nono wanalishwa wao.

Kwa hiyo Alhamisi ile, saa tano na robo asubuhi, Mheshimiwa Harcastle, Mtunza Muhuri wa mfalme, alipoanguka uso ukazama kwenye mchuzi wa samaki mkunga, hakuna aliyenitilia shaka. Nilikuwa hai, si ndiyo? Yeye aliwahi kusema tu, "Vidole vyangu sivisikii," kisha, "midomo nayo." Kabla ya saa sita alikuwa maiti.

Akakamatwa mpishi, mzee Wat Pyggott. Sheria ya mfalme kwa mpishi anayetia sumu haina longolongo: anachemshwa mzimamzima. Siku ikapangwa, Jumamosi. Sufuria ikaanza kusuguliwa.

Aliyelia kuliko wote ni Bwana Thirkell. Huyu, mtoto wa mtengeneza ngozi, aliingia jumbani miaka minane nyuma akimshikia mtu kidau cha wino. Hakuwahi kupaza sauti. Mkubwa wake wa kwanza aliteleza ngazini. Wa pili akasingiziwa uhaini. Wa tatu akaugua ghafla. Kila msiba Thirkell alilia hadi pua ikaiva, na kesho yake tukamkuta kwenye kiti cha marehemu, kainamisha kichwa kana kwamba kiti ndicho kilichomwomba akikalie. Tulikuwa tukicheka. Baadaye tukaacha kucheka.

Mchunguzi wa vifo, Bwana Ambrose Keck, alianza na mnyweshaji, Crispin Dole, ambaye marehemu alimzaba kofi wiki iliyopita.

"Ulimchukia?"

"Bwana, ukimhoji kila aliyezabwa kofi na yule, utazeekea hapa. Lakini divai yangu ilikuwa bado kwenye jagi. Alinawa, akafuta mikono, akachukua mkunga kwa vidole, akala. Basi."

"Nani alikuwa karibu naye?"

"Niliwapa mgongo, nachagua vikombe. Nilipogeuka nikamwona Bwana Thirkell na glavu zake. Mezani, bwana, na glavu! Mwana wa ngozi haachi ngozi."

Keck hakucheka. Akanigeukia.

"Ulionja?"

"Mkunga, mkate, chumvi. Vyote."

"Na taulo la mikono?"

"Nililibusu kwanza mbele ya watu, kama desturi, nikampa. Bwana Thirkell ni shahidi wangu."

Akaandika. Mimi nikawa natoka jasho. Mei hii ina joto.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tulikusanywa jikoni. Maji yalishaanza kuimba. Mzee Pyggott alifungwa kwenye nguzo, anautazama moto.

"Kuni mbichi hizo," alinung'unika. "Nani kawafundisha kazi?"

Mlangoni alisimama Bwana Thirkell, muhuri wa marehemu tayari unaning'inia kiunoni mwake.

Keck akamwita mfuaji, Maud, binti wa mpishi. "Mikono yako ina nini?"

"Ganzi, bwana. Tangu nifue taulo za Alhamisi. Hata sindano siisikii."

"Marehemu naye alianza kufa ganzi vidole, ndipo midomo," alisema Keck. "Sumu haikupikwa. Ilipakwa kwenye taulo, akajilisha kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana kuna mtu alikuja mezani na glavu. Watatu wa kwanza walikupa viti, Bwana Thirkell. Wa nne kakupa muhuri, na mwenye muhuri huo husema kwa jina la mfalme."

Thirkell alitabasamu kwa huruma. "Hadithi tamu. Ila mwonjaji wetu kaapa kwamba yeye ndiye aliyelibusu taulo na kulitoa. Mwone, midomo mizima! Basi taulo lilikuwa safi. Au sivyo, kijana wangu?" Akaitupia jicho sufuria. "Jibu tu. Hii ni pana, inatosha hata wawili."

"Ndivyo," nikasema. "Nililibusu. Saa tano kamili."

Maud alicheka, kicheko kikavu kama gome.

"Saa tano kamili? Gilbert, saa tano kamili midomo hiyo ilikuwa kwangu, nyuma ya kamba za nguo! Ukaniambia Bwana Thirkell kakupokonya taulo mwenyewe, kasema, 'Nenda, kijana, ujana haurudi.'" Machozi yalimtiririka, asiyafute. "Baba, nisamehe, niliona aibu. Na sikujua kama taulo ndilo lililoua."

Walinzi wawili wakaufunga mlango nyuma ya Thirkell. Akaufumbata muhuri kiunoni.

"Yule pale kwenye nguzo ni baba yangu, Gilbert," alisema Maud. "Haya, apa tena."

Maji yakatokota. Jiko zima lilikuwa linaitazama midomo yangu.