Nilimwambia Mama Kituo cha Matangazo ya Vifo Kimefungwa

"Tulitangaza siku tatu mfululizo, mama mdogo. Kwenye kile kituo cha matangazo ya vifo."

"Kituo gani? Si kimefungwa?"

"Kimefungwa?! Hata jana jioni nimekiangalia!"

Mama akageuka taratibu... akanitazama.

Tulikuwa tumesimama mbele ya kaburi la dada yake, huko Kibosho. Mashada ya maua yalishanyauka. Prosper, mtoto wa marehemu, naye akanitazama.

"Godbless," mama akasema. "Si wewe uliyeniambia kimefungwa?"

Wadau, nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale!

Ngojeni niwaelezee tangu mwanzo. Nikimaliza mnitukane, nimejiandaa.

Naitwa Godbless. Naishi Lemara, hapa Arusha, na mke wangu Nice pamoja na mama yangu mzazi, Hedwiga. Kazi yangu ni kufunga intaneti majumbani. Mtaani wananiita Injinia, na hicho cheo kilishanipanda kichwani siku nyingi.

Mwanzoni mwa mwaka huu nikachoka kulipia king'amuzi. Kila mwezi unalipa, chaneli mia na kitu, unaangalia nne! Ukichelewa siku moja, kioo cheusi.

Nikawa nawashauri wateja wangu: shusha dishi, nunua TV yenye king'amuzi ndani kwa ndani, simika antena nje upate chaneli za bure. Vingine vyote vuta mtandaoni. Nyumba sita za majirani nilishazifungia.

Kasoro nyumba yangu mwenyewe.

Kikwazo kilikuwa mama.

Mama alikuwa na kituo chake kimoja cha huku huku kaskazini, kilichopatikana kwenye lile dishi. Kila siku saa moja na nusu jioni wanasoma matangazo ya vifo. Mnayajua yale. Picha ya marehemu, halafu sauti nzito: "Habari ziwafikie fulani wa Sanya Juu, fulani wa Usa River, na fulani popote alipo..."

Mama ni mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake inanguruma kutwa nzima, lakini ikifika saa moja na robo inanyamaza. Ananawa mikono, anajifunga kitenge chake vizuri, anakaa kiti cha karibu na TV. Hapo hata iwe fainali, rimoti ni yake.

Siku moja nilimuuliza:

"Mama, utasikiliza vifo mpaka lini? Unamsubiri nani?"

"Nasikiliza watu wa kwetu."

"Si wakifa utapigiwa simu?"

Akaongeza sauti ya TV.

Na mimi nilijua kabisa kwamba hawezi kupigiwa. Miaka kumi na minne iliyopita, kwenye matanga ya bibi, mama alikosana na dada yake Genoveva mbele za watu. Mama mkubwa ndiye aliyemuuguza bibi hadi mwisho. Machungu yakamzidi, akamwambia mama:

"Wewe umekuja kuzika. Hukuja kuuguza."

Mama akabeba begi lake siku ile ile. Akabadilisha laini ya simu. Kibosho hakukanyaga tena, na jina la Genoveva likawa halitajwi nyumbani kwetu. Mimi nikaona watu wazima wameamua kuachana, niwaingilie kama nani?

Basi Jumamosi moja, mama kaenda sala za jumuiya, nikapanda juu ya bati. Nikashusha dishi! Nikasimika antena kwenye bomba nyuma ya jiko, nikaizungusha mpaka nikapata chaneli ishirini na moja za bure. Ndani nikafunga kiboksi cha mtandao. Picha inang'aa mpaka unaona kijasho cha mtangazaji.

Nikajipigia makofi mwenyewe.

Ila kituo cha mama hakikuwemo kwenye antena.

Mtandaoni kilikuwepo. Wanarusha moja kwa moja, na matangazo ya siku zilizopita yote wanayahifadhi. Kumwekea mama na kumwonyesha pa kubonyeza ilikuwa kazi ya dakika tano.

Dakika tano, wadau!

Lakini nikajisemea, nikimwekea nitakuwa nimefanya nini? Jioni zangu si zitaendelea kuwa za marehemu tu?

Mama akarudi. Akaliona dishi limelala uani.

"Limeanguka?"

"Nimelishusha, mama. Sasa hivi hakuna kulipia! Njoo uone picha."

"Na kituo changu?"

Nikajibu bila hata kupepesa macho:

"Kimefungwa, mama."

"Kimefungwa?"

"Wameishiwa. Wamefunga kabisa."

Mama akakaa. Akavua kitambaa cha kichwani, akakishika mapajani.

"Sasa watu watajuaje?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka!

"Mama nawe! Kwani siku hizi watu hawana simu?"

Jioni ile Nice akanivuta chumbani.

"Godbless, kile kituo mbona nimekiona kwenye simu yangu leo?"

"Najua."

"Sasa kwa nini umemdanganya mama?"

"Atazoea bwana."

"Huo uongo utakuja kukutokea puani."

Nikamwambia ana maneno mengi. Ndivyo nilivyo, mjuaji hashauriki.

Mama hakuzoea. Saa moja na robo cherehani ikanyamaza vile vile. Akaja, akanawa, akakaa kwenye kiti chake, akaangalia chochote nilichoweka, watu wanafukuzana na magari. Nusu saa ikiisha anainuka.

"Lala salama, baba."

Kila siku hivyo. Akaanza kukonda.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Sipati usingizi tu siku hizi."

Mimi nikaenda kumnunulia maziwa. Injinia mzima, dawa niliyoiona ni maziwa!

Kuna jioni kiboksi chenyewe kikaniletea kile kituo kwenye kioo, kinanipendekezea nikiangalie. Mama alikuwa jikoni. Ningesema tu, "Mama, njoo, wamefungua tena," mambo yangeisha na hakuna ambaye angejua. Badala yake nikabonyeza haraka kukiondoa, kisinijie tena.

Baadaye nilikuja kupiga hesabu ya siku. Ilikuwa wiki ile ile ya tangazo.

Wiki mbili mbele, mama akaenda soko la Kwa Mrombo kununua ndizi. Akarudi mapema mno. Kikapu kitupu. Akakaa kwenye kizingiti, viatu hajavua, anaangalia chini.

"Mama, vipi?"

Akasukuma kikapu pembeni.

"Mama! Kuna nini?"

"Mwenye ndizi ni mtu wa kwetu," akasema. "Kanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema pole na dada yako, mbona kwenye maziko hukuonekana?"

Nikachuchumaa mbele yake.

"Genoveva amefariki, Godbless. Wamezika wiki mbili zilizopita. Na mimi nilikuwa hapa nashona sare."

Halafu akalia. Tangu baba afariki sikuwahi kumsikia mama akilia kwa sauti. Nice akatoka mbio jikoni, akamkumbatia, na juu ya bega la mama akanitazama mimi. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Kesho yake asubuhi tukapanda basi la Moshi kwenda Kibosho, mimi na mama. Njia nzima mama ameshika rozari. Na mimi nilikuwa naomba, lakini ombi langu lilikuwa la aibu. Nilikuwa namwomba Mungu wawe hawakutangaza! Wawe walizika kimya kimya, ili uongo wangu usiwe na kosa.

Ndipo tukafika kaburini. Ndipo Prosper akasema yale mliyoyasoma pale juu.

"Godbless, nakuuliza."

"Ni kweli, mama," nikasema. "Hakikufungwa. Nilikudanganya."

Nilitegemea kofi. Ningelipokea kwa mikono miwili. Mama hakunigusa. Alimgeukia Prosper kana kwamba mimi sipo.

"Mlitangazaje?"

"Mama mdogo, yameshapita..."

"Niambie mlivyosema. Maneno yenyewe."

Prosper akatoa simu. Tangazo lilikuwa bado lipo mtandaoni, kwenye ukurasa wa kile kituo, tena picha safi kabisa. Akambonyezea.

Sauti ile nzito ikasoma: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, Genoveva. Habari ziwafikie kwanza mdogo wake, Hedwiga, popote alipo. Marehemu ameacha neno kwamba asizikwe mdogo wake hajafika. Hedwiga, ukisikia tangazo hili, njoo nyumbani."

Kwanza. Jina la mama lilikuwa la kwanza, kabla ya watoto, kabla ya ukoo wote.

"Namba yako ya zamani tulipiga," Prosper akasema. "Akapokea mtu wa Mbeya. Tukasema basi, atasikia kwenye tangazo. Tulipanga kuzika Jumatano, tukasogeza mpaka Jumamosi. Siku hiyo pia tulikaa mpaka saa kumi, kila gari likipanda tunachungulia njiani. Wazee wakasema haiwezekani tena."

Mama akamrudishia simu.

"Kwa nini aliniita? Alinichukia."

"Nani kakuambia?"

"Miaka kumi na minne, Prosper!"

"Mama mdogo... mama alikuwa hakosi yale matangazo hata siku moja. Saa moja na nusu ikifika hakuna mtu kugusa rimoti. Sisi tulikuwa tunakereka. Nikamuuliza, mama, unasikiliza vifo vya watu kila siku ili iweje? Akaniambia, 'Namsikiliza Hedwiga. Nisipolisikia jina lake, najua mdogo wangu yupo hai, nalala.'"

Jamani...

Mama alipiga magoti kwenye udongo ule.

"Na mimi!" akalia. "Genoveva, na mimi! Na mimi nilikuwa nakusikiliza wewe!"

Miaka kumi na minne. Mmoja Kibosho, mmoja Lemara, saa moja na nusu wote wamekaa mbele ya TV, kila mmoja anaomba asisikie jina la mwenzake. Salamu zao zilikuwa hizo tu. Hawakuwa na nyingine.

Na mimi nikapanda juu ya bati nikazikata!

Mama hakuwa akipenda vifo. Mama hakuwa akikosa usingizi kwa uzee. Kila jioni kwa wiki zile alikuwa analala hajui kama dada yake yupo. Mimi nikamletea maziwa!

Sisi Wachaga tuna jani la sale. Ukimkosea mtu sana, unalichuma, unampelekea kwa mikono miwili, na kwa mila zetu hawezi kulikataa. Kihamba cha mama mkubwa, shamba lake la nyumbani alikozikwa, kimezungukwa na ua wa sale. Mama alijikokota mwenyewe hadi kwenye ua, akachuma moja, akalifunga fundo, akalilaza kaburini.

Mimi nikachuma langu. Nikampigia magoti.

"Nisamehe, mama."

Akalipokea.

"Nimelipokea," akasema. "Ungekuwa umeninyima mimi, ningekusamehe leo hii. Lakini uliyemnyima ni yule aliyekaa Jumamosi nzima ananisubiri. Huyo sina ruhusa ya kumsemea."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wa kwangu amekuja na mabegi yake, na haonyeshi dalili ya kuondoka.

Tuliporudi Lemara nililisimamisha lile dishi jioni ile ile. Nikalipia king'amuzi mwaka mzima. Nikamwekea na mtandaoni pia, nikaandika kwenye karatasi pa kubonyeza. Saa moja na nusu nikaenda kumwita chumbani kwake kwa furaha, kana kwamba nimeleta cha maana.

"Mama, kituo chako kimerudi. Njoo."

Alikuwa anashona. Cherehani haikusimama.

"Cha nini tena, baba?" akasema. "Niliyekuwa namsikiliza wameshamtangaza."

Dishi lipo. Kiboksi kipo. Antena ipo. Saa moja na nusu kiti chake kinakaa kitupu, na mimi siwezi kuangalia hata mpira.

Ndugu zangu, badilisheni TV mnavyotaka, hizo ni mali zenu. Ila mzazi wako akiwa na kitu kimoja anachokishikilia na wewe unakiona cha kipuuzi, muulize vizuri kabla hujakigusa. Asipokujibu, kaa naye pale pale usikilize naye. Usimdanganye.

Na wewe mwenye ndugu mliyekosana, unayepata habari zake kwa kupitia watu... namba yake unajua pa kuipata. Mpigie leo. Mama yangu na dada yake walikuwa mwendo wa basi moja tu, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze.