Komeo la Ghorofa ya Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, Joyceline humsaidia baba yake kufungua duka. Mzee Marcelino, Mchaga wa Rombo, anauza vifaa vya ujenzi pale Gerezani, Kariakoo. Misumari, bawaba, makufuli, makomeo: vyote kwa katoni au kwa dazeni. Mteja akitaka kimoja, mzee humwelekeza kwa jirani.

Binti naye alichukua tabia hiyohiyo. Alipochaguliwa kuwa waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi, alibandika karatasi kubwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo: MALENGO YETU YA AFYA MUHULA HUU. Yalikuwa kumi na mawili, dazeni kamili. Kunywa glasi nane za maji kila siku. Kukimbia kila alfajiri. Kuacha soda. Kuacha chipsi.

"Kuacha chipsi?" Lucky, mwanafunzi mwenzake mwenye maneno mengi, alishika kichwa. "Waziri, unataka tufe kabla ya mtihani?"

Wiki ya kwanza watu walisoma karatasi ile. Wiki ya pili waliipita tu. Wiki ya tatu mtu aliongeza kwa kalamu nyekundu: "Lengo la 13: Kusoma malengo yote bila kupumzika njiani." Joyceline alicheka na wenzake, lakini moyoni ilimuuma.

Na mwili nao ulikuwa na mambo yake. Akienda haja ndogo, alisikia mkojo unamuunguza. Chini ya kitovu paliuma. Alizijua dalili hizo. Muhula uliopita zilimlaza kitandani, akakosa mtihani mmoja. Akikosa tena safari hii, angerudia mwaka mzima. Mitihani ilikuwa imebaki wiki tano.

"Si upite tu duka la dawa uchukue vidonge?" alisema rafiki yake Severa.

"Ndivyo nilivyofanya muhula uliopita. Sasa naenda kwa daktari."

Zahanati ya Dokta Nayna iko nyuma ya chuo. Ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa Kisutu, na anaongea haraka kama ana basi la kuwahi.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nieleze."

Joyceline alieleza. Alipimwa mkojo, akasubiri, akaitwa tena.

"Una maambukizi kwenye njia ya mkojo. Wenyewe mnaita U.T.I. Yanatibika, usiogope. Lakini dawa hizi utazimaliza zote, hata ukijisikia mzima. Zile za muhula uliopita ulimaliza?"

Joyceline aliangalia viatu vyake. "Nilikunywa siku mbili tu. Nikapata nafuu, nikaacha."

"Siku mbili! Basi wadudu uliwapunguza, hukuwamaliza. Na maji unakunywa?"

"Nikiwa chuoni sinywi kabisa."

"Kwa nini?"

Joyceline alishusha sauti. "Choo cha wasichana hakina komeo, dokta. Lazima mwenzako akushikie mlango. Bombani maji hayatoki. Kwa hiyo tunajibana mpaka tufike nyumbani."

Dokta Nayna aliweka kalamu mezani. "Ngoja kwanza. Wewe si ndiye waziri mwenye malengo kumi na mawili? Wagonjwa wangu wanafunzi wameniambia. Umeandika glasi nane, na mwenyewe hunywi hata moja!"

Joyceline aliona aibu, kisha akacheka. Angefanya nini?

"Sikiliza," daktari alisema kwa upole. "Lengo la afya chagua moja. Liwe dogo, liwe la kuhesabika, na liwe na siku ya kuangalia mmefika wapi. Halafu waulize wenzako: nini kinatuzuia? Kiondoeni hicho kwanza. Mtu hawezi kunywa maji kama hana pa kwenda haja."

"Na glasi nane?"

"Mahitaji ya watu hayalingani. Angalia mkojo wako. Ukiwa wa njano hafifu, uko sawa. Ukikolea, mara nyingi mwili unaomba maji. Usijibane. Na ukijifuta, anza mbele kwenda nyuma."

Kesho yake Joyceline aliwauliza wasichana ishirini, mmoja mmoja. Kumi na saba walisema wanajibana kama yeye. "Mimi siku ya vipindi vya mchana hata chai sinywi," alisema Severa. Joyceline alisikia uchungu. Wote waliteseka, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Alimpelekea mkuu wa chuo hesabu ile. Mkuu aliisoma mara mbili, akaahidi kununua tangi la maji wiki hiyohiyo. Joyceline akaomba ruhusa ya kushughulikia milango miwili ya choo, kisha akaenda dukani.

"Baba, naomba makomeo."

"Katoni ngapi?"

"Mawili tu. Ya choo cha wasichana, ghorofa ya tatu."

Alimsimulia baba yake yote, hata ugonjwa. Mzee Marcelino akasema kwa huzuni, "Mwanangu, nina makomeo ya kufunga milango ya Kariakoo nzima, na wewe unashikiwa mlango?" Akachana katoni palepale. Jumamosi alikwenda na fundi, akasimamia mwenyewe mpaka komeo la pili likafunga. Tangi la maji nalo lilikuwa limeshafungwa.

Jumatatu, karatasi ile ya malengo dazeni iliondolewa. Mpya ilikuwa na mstari mmoja: "Chupa mbili za nusu lita kabla ya kurudi nyumbani. Tunahesabu kila Ijumaa."

"Na chipsi?" aliuliza Lucky.

"Tutaongea muhula ujao."

Kesho yake Lucky alikuja na dumu la lita tano. "Waziri kasema chupa mbili," Severa alimwambia, "hajasema uhamishe kisima."

Ijumaa ya kwanza, wasichana tisa kati ya ishirini walifikia lengo. Waliobaki walisema wanasahau chupa nyumbani, basi wakakubaliana kukumbushana kwa simu. Ijumaa ya tatu walifika kumi na sita. Joyceline alimaliza dawa zake zote, akarudi kupimwa, akakutwa mzima.

Ikafika siku ya mtihani wa mwisho. Mwalimu Isidori alikuwa msimamizi. Wasichana wanne walikuwa wameshaomba ruhusa ya kwenda msalani, mmoja baada ya mwingine, wakisindikizwa na mwalimu wa kike, na Mwalimu Isidori alianza kushangaa. Ukanyooka mkono wa tano.

"Hata wewe, waziri?"

"Hata mimi, mwalimu."

"Muhula uliopita hakuna aliyeomba kutoka."

"Muhula uliopita tulikuwa tunaumwa, mwalimu."

Mwalimu Isidori alimwashiria mwalimu wa kike amsindikize Joyceline. Akamfungulia mlango. Joyceline alipanda ghorofa ya tatu, akafunga komeo, akanawa mikono, akarudi. Kisha alikaa kwenye kiti chake, akaandika mpaka swali la mwisho.