Kisu Kimoja, Mara Tano

Jua likizama, mwalimu wa uchoraji alibisha hodi kwa mjane wa rafiki yake, mchoraji aliyesemekana kuangukia kisu chake mwenyewe. Mjane alikuwa amemwita aje kumsomea picha ya mwisho ya mumewe, kabla kaka wa marehemu hajaichoma moto.

Kaka mtu alikuwepo sebuleni, amekunja ndita. "Makorokoro matupu," alisema.

"Siyo makorokoro," mwalimu alijibu. "Amevunja vitu vya mezani akavipanga upya, ili uone mbele, nyuma na juu kwa mpigo mmoja. Hii chupa. Hili chungwa. Hiki kisu..."

Akasogea kunusa. Rangi ilinuka mbichi, na mchoraji alikuwa na miezi mitatu kaburini.

"Endelea, shemeji," mjane alinong'ona. "Tulipomzika, turubai hili la picha lilikuwa tupu."

Mwalimu aliinamia picha. Visu vilikuwa vitano. La... kilikuwa kimoja, kikishuka mara tano. Na vile vipande vyekundu alivyodhani ni kitambaa cha meza...

"Hicho kisu, nani kakishika?" mjane aliuliza.

"Mkono wa kushoto. Kidole gumba hakina ukucha," mwalimu alisema.

Wote wawili walimgeukia kaka mtu. Akaficha mkono wa kushoto mfukoni, akacheka. Kisha akakwapua kisu cha matunda mezani, akairukia picha.

Chaa!

Shavu lake mwenyewe likafunguka.

Aliichana tena, bega likapasuka. Mwalimu alimkumbatia kiunoni, akarushwa ukutani kama gunia. Mara ya tatu, tumbo. Ya nne... Damu iliwarukia usoni, ya moto.

"Kaka, acha!" mwalimu alipiga kelele.

"Siwezi!" alilia. "Mkono haunisikii!"

Ya tano ilikuwa shingo.

Polisi waliandika kwamba alijiua kwa uchungu wa kufiwa na ndugu. Picha hawakuigusa. Haikuwa na mchaniko hata mmoja.

Walipoondoka, mjane alikuwa bado amesimama mbele ya picha.

"Umebakiza kitu, shemeji. Hiki cha pembeni ni nini?"

Lilikuwa tundu la ufunguo, na ndani yake jicho. Mwalimu alilijua jicho lile. Siku rafiki yake alipokufa, yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango wenye tundu hilo, akichungulia. Aliona yote. Hofu ikamshika, akaondoka akinyata.

"Sijui," alisema.

Mjane akasogeza uso karibu.

"Mbona kinapepesa?"