Mnunuzi wa Kwanza Mosko

Enzi hizo miji ya pwani ilikuwa bado na wafalme wake, na siwa, baragumu la kifalme, ikipulizwa hapakuwa na mtu aliyebaki ameketi. Mwambani na Tungwa walikuwa wakiuana kwa ajili ya mashimo. Msidhani ni mashimo ya dhahabu. Yalikuwa mashimo ya sandarusi, ile gundi ya miti ya kale iliyogeuka jiwe ardhini, ambayo wafanyabiashara wa Kihindi waliinunua yote na hawakumwambia mtu inakwenda wapi. Watu wa Mwambani walisema mashimo ni yao kwa kuwa majembe ni yao. Watu wa Tungwa wakasema ni yao kwa kuwa makaburi ya pale ni ya babu zao. Vita vikaingia mwaka wa tatu, kwa magobori na mikuki, mpaka wanawake wa miji yote miwili wakachoka kupika hitima.

Katika mapigano ya mwisho, Hatibu wa Mwambani alikamatwa akiwa na majeruhi mgongoni. Angeweza kumtupa akakimbia, hakumtupa. Kaka yake, Shekuwe, akajifunga kilemba cheupe, akaacha mkuki nyumbani, akaenda Tungwa kumwombea.

Mwana Zena, malkia wa Tungwa, alimpokea katika yumbe, nyumba yake ya baraza, akiwa amekaa kwenye kiti cha mpingo kilichotiwa pembe, hariri mbili mwilini, vipuli vya dhahabu vikimgusa mabega.

"Mwambani mna maneno mazuri," alisema. "Maneno ninayo, nyumba imejaa. Mabaharia wa Maskati wanasimulia nchi ya Warusi, ambako maji huwa mawe na watu huvaa wanyama. Nenda huko, Shekuwe, uniletee tunu. Iwe ngeni kweli, pwani nzima isiwe nayo. Nami nikiishika, niijue kuwa ni yangu. Miaka miwili nakupa. Ukirudi nayo, nitamwachia ndugu yako, na tutazungumza habari ya mashimo. Ukirudi mikono mitupu, utamzika."

Barazani watu walitazama chini. Mzee mmoja alimnong'oneza jirani yake, kwa sauti ambayo yumbe nzima iliisikia: "Huyu kaambiwa hapana, ila kwa maneno marefu."

Shekuwe aliomba kitu kimoja tu, kofia ya Hatibu. Akaitia kifuani, akaondoka.

Safari yenyewe tusiivute. Alipita Maskati, akapita Bandari Abasi, akavuka Uajemi na misafara ya ngamia, mara mbili akinyang'anywa mizigo na mara moja nusura anyang'anywe roho. Mwaka wa kwanza uliisha kabla hajaona hata paa moja la Kirusi.

Huko Astrakhan alimpata Nigmat, Mtatari wa Kazan, mfanyabiashara wa ngozi aliyesoma chuoni hata Kiarabu chake kikawa safi kuliko cha Maskati. Huyo ndiye aliyekuwa ulimi wake. Nigmat alipenda watu, akapenda na vikao. Katika kila mji alikuwa na shangazi.

Wakaanza kutafuta. Astrakhan kulikuwa na ngozi za wanakondoo, laini, zenye mawimbi. Shekuwe akazishika. Ngeni, naam, lakini malkia atajuaje kuwa ni zake? Kazan wakaonyeshwa viatu vya ngozi ya rangi, vimeshonwa maua kama bustani. Vigeni. Vyake kwa lipi? Nizhni, penye soko kubwa la mwaka, safu za maduka zilikuwa nyingi hata mtu akipotea asubuhi huonekana jioni: chai ya Uchina, chuma cha Siberia, mabirika ya shaba yenye moto tumboni. Hapo moyo wake uliruka alipoona vitana vya pembe ya ndovu. Pembe hizi ni za kwetu, akasema.

"Na vitana?" Nigmat akauliza.

Shekuwe akavirudisha mahali pake. Vitana vya pembe Mwana Zena alikuwa navyo saba, hata wajakazi wake walikuwa navyo. Si kigeni.

"Ndugu yangu," Nigmat alisema, "malkia huyo angekuwa mama mkwe, angewaua wakwe wote."

Wakafika Mosko majani yakiwa yameanguka. Mto Volga ulikuwa karibu kuganda, na ukiganda hakuna mashua mpaka masika. Na hao wa Tungwa hawatangoja masika. Mikokoteni aliyoikodi Nigmat haikungoja mtu; ilikuwa iondoke siku ya tatu, kengele za ibada ya asubuhi zikimaliza kulia, iwahi mashua ya mwisho Nizhni. Shekuwe hakulala vizuri, wala hakula. Alivaa joho la ngozi ya kondoo juu ya kanzu, jambia kiunoni juu ya joho, na watu wa njiani wakageuka kumtazama, naye akageuka kutazama madirisha, akihesabu siku.

Maduka ya Mosko yalikuwa mbele ya ngome ya mfalme, safu baada ya safu chini ya paa moja: safu ya fedha, safu ya mishumaa, safu ya manyoya. Moto ulikatazwa humo kwa hofu ya kuungua, kwa hiyo wenye maduka walipigapiga miguu chini kutafuta joto, wakanywa asali ya moto yenye viungo, wakawavuta wapita njia mikono ya nguo. "Karibu, bwana mweusi, kofia hii imekungoja tangu Pasaka." Shekuwe alivutwa mpaka joho likalegea mshono.

Siku ya pili, katika duka la Savva, muuza visanduku, alisimama ghafla.

Kilikuwa kisanduku kidogo, kinatosha viganja viwili. Nje cheusi, kinang'aa kama jicho, ndani chekundu. Juu ya kifuniko wamechorwa farasi watatu wakivuta gari lisilo na magurudumu juu ya weupe mtupu. Pwani nzima haikuwa na kitu hicho. Lakini si kisanduku kilichomsimamisha. Kando yake palikuwa na bakuli la mawe ya manjano, ambayo Savva aliyayeyusha nyumbani kutengenezea visanduku vilivyochubuka. Shekuwe akaokota moja. Ngozi ya jiwe ilikuwa na vipele, kama ya mtu aliyepigwa baridi. Ndani yake alilala siafu mzima.

"Muulize," alimwambia Nigmat, "sandarusi hii wanaipaka wapi?"

Savva akagonga kifuniko kwa kucha. "Hapa. Mng'ao wote huu ni hiyo. Inatoka mbali sana, kwa Waingereza sijui, kwa Wahindi."

Shekuwe akatabasamu kwa meno yote. Hilo lilikuwa kosa, maana Savva aliyaona meno, na bei ikapanda hapo hapo. Shekuwe alikuwa amebakiwa na jambia lake lenye ala ya fedha. Savva akaligeuza, akacheka. "Kisu kilichopinda. Nikamkate nani, anayekimbia kwenye kona?"

Wakatoka. Nigmat akamshika bega. "Sikiliza. Hawa wana mila. Mnunuzi wa kwanza wa asubuhi harudishwi. Akitaja chochote, mwenye duka hupokea, maana akimwacha aende mikono mitupu siku nzima itaoza. Kesho uwe wa kwanza mlangoni. Taja jambia. Atachukua."

"Hata kwetu iko," akasema Shekuwe, na kwa mara ya kwanza tangu Kazan akala akashiba.

Asubuhi alitangulia. Safu ilikuwa bado na giza jembamba, mbao za maduka hazijashushwa. Kengele zikaanza kulia. Savva akaja, akafungua kufuli, akasukuma mlango. Shekuwe akainua mguu.

Nyuma yake pakakohoa. Ajuza aliyejifunga shali, mkongojo mkononi, pua nyekundu kwa baridi. Na Shekuwe, aliyelelewa na mama yake na bibi yake na shangazi wanne, akarudisha mguu, akaweka mkono kifuani, akainama.

"Pita, mama."

Nigmat alikuwa akifika na vikombe viwili vya asali ya moto. Vikombe vikamwagika.

Yule ajuza, Agrafena, akapita. Akanunua kijiko cha mti. Savva akaipokea sarafu, akaigusisha ndevuni, akaipitisha juu ya bidhaa zote kama anayezibariki. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Kisha akamgeukia Shekuwe na uso wa jana. "Bei ile ile, bwana mweusi."

"Umefanya nini?" Nigmat alisema. "Umetoa shingo ya ndugu yako kwa kijiko."

"Kwetu mtu hampiti mama mzee mlangoni," Shekuwe akajibu. "Hata mlango wa peponi." Lakini mkono wake ulikuwa kifuani, umeikamata ile kofia, na machozi yalikuwa yakimganda mashavuni.

Agrafena akauliza mgeni analilia nini. Nigmat akamweleza, na kwa kuwa alikuwa Nigmat, akaeleza yote: mashimo, malkia, shingo, mashua. Wenye maduka ya jirani wakasogea. Mambo ya watu ni matamu hata kwenye baridi.

"Mwanangu wamemchukua jeshini," Agrafena akasema. "Miaka ishirini na mitano. Ndugu wa huyu anaweza kurudi." Akaingia tena dukani, akaweka kijiko juu ya meza. "Savva, nakurudishia. Nipe sarafu yangu."

Savva akawa mweupe kuliko theluji ya kifuniko chake. "Bibi, usifanye hivyo. Mnunuzi wa kwanza kurudisha? Nitakaa mpaka Krismasi bila kuuza msumari."

"Kina ufa."

"Hakina ufa."

"Mimi nauona."

Jirani muuza mishumaa akapaza sauti kwa safu nzima: "Njooni mwone, Savva karudishiwa ya kwanza." Wakaja. Mmoja akasema yeye hapiti tena mbele ya duka hili, akafanya ishara ya msalaba. Kengele zilikuwa zikipungua.

"Unataka nini?" Savva akanong'ona.

"Sitaki kitu. Lakini mzee kama mimi husahau ufa, akiona watu wamefurahi."

Savva akakitazama kisanduku, akawatazama watu, akanyoosha mkono apewe jambia. Shekuwe akaongeza ombi moja: lile jiwe lenye siafu. Savva akalitupa ndani ya kisanduku kama anayetupa pepo.

Kengele zikanyamaza. Shekuwe alitaka kukimbia, lakini Agrafena akamzuia kwa mkongojo. Kwao, akasema, hakuna anayeanza safari bila kukaa kwanza kimya. Basi wakakaa juu ya kasha la Savva, watatu, huku mikokoteni ikisikika ikivingirika barabarani, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko jangwa la Uajemi. Aliposimama, ajuza alimsukumia kile kijiko mkononi. "Cha mama yako."

Mikokoteni waliikimbilia, wakaipata kwenye lango la mji. Huko Nizhni mashua ilivunja barafu kwa miti siku tatu, na kila usiku barafu ilifunga tena.

Shekuwe aliingia Tungwa zikiwa zimebaki siku nne. Siwa ikapulizwa. Hatibu aliletwa, amekonda, akasimamishwa kando ya mwenye panga. Mwana Zena akakipokea kisanduku, akakigeuza, akawatazama wale farasi kwa muda.

"Ugeni nauona," alisema. "Changu kiko wapi?"

Shekuwe akakichukua tena. Alikifungua, akatoa lile jiwe, akavunja kipande, akakitia katika chetezo kilichokuwa miguuni pa malkia. Moshi ukapanda. Yumbe nzima ikaijua harufu ile. Malkia alifumba macho.

"Shimo la baba yangu," akasema.

"Mng'ao wa kisanduku ni sandarusi hii, Mwana. Kule mwisho wa dunia watu hugombania kuununua. Sisi tumeuana na hatujui hata unakwenda wapi."

Mwana Zena akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakiacha hapo. Kisha akamwambia mwenye panga akale chakula chake. Mashimo yaligawanywa mwaka ule, yakachimbwa na miji miwili.

Waandishi wa Tungwa waliandika habari ya kisanduku, na jina la malkia kwa wino mwekundu. Agrafena hawakumwandika, nani angewaambia? Kisanduku chenyewe kiliungua yumbe ilipoungua, na wanasema kilinukia mtaa mzima, maana sandarusi ni sandarusi. Kijiko kilipona huko Mwambani, ingawa nyumbani nako hakikuwako. Siku ile mama yao Hatibu na Shekuwe alikuwa amemwazima jirani, na jirani, kama majirani wote, alikuwa hajakirudisha.