Mbolea Aliyoikataa Baba Lucia

Shamba la Verediana na mumewe Modest lilikuwa limechoka. Liko kijijini Endasak, kwenye mteremko, na zamani lilijaza ghala. Siku hizi mahindi yanaota na majani ya njano. Mwaka jana chakula kiliisha kabla mvua mpya hazijanyesha. Samadi haikutosha, maana ng'ombe amebaki mmoja tu.

Rahel, bibi shamba wao, aliwaletea habari ya mbolea mpya. Hakuficha kitu. Aliwaambia inatokana na majitaka ya vyoo vya mjini. Uchafu unakaushwa, unachanganywa na maranda ya mbao, kisha lundo linaachwa lipate joto kali kwa muda mrefu, mpaka mayai ya minyoo yafe. Halafu inapimwa kama ni salama, ndipo inatiwa kwenye mifuko na kutolewa kwa wakulima.

Modest hakutaka kusikia zaidi.

"Mimi sili ugali wa choo," alisema.

Verediana alichoka naye hapo hapo. Mwanaume huyu anakanda mavi ya ng'ombe kwa mikono mitupu, anakandika ukuta, na hasikii kinyaa chochote. Leo kinyaa kimetoka wapi?

"Baba Lucia," alimwambia, maana Lucia ndiye binti yao wa kwanza, "shamba litakula maneno yako?"

Hakungoja jibu. Alichukua mbolea kwa Rahel, akavaa glavu na mabuti kama alivyoelekezwa, akaiweka kwenye mashimo ya mbegu, nusu ya shamba, upande wa bondeni. Nusu ya juu alimwachia mumewe na kinyaa chake.

Mvua ikanyesha. Mahindi ya bondeni yakawa ya kijani kilichokolea. Ya juu yakabaki ya njano. Modest alipita pale kila asubuhi, akatazama. Kumbe alikuwa anawaza: kama choo cha mjini kinafanya hivi, kwa nini choo chetu kikae bure? Siku Verediana alipokwenda mnadani, Modest alifunua shimo la choo chao cha zamani, akachota kwa ndoo, akamwaga kwenye bustani ya sukuma wiki, kando ya mahindi.

Harufu ilifika mpaka kwa majirani. Na kesho yake ndiyo ilikuwa zamu ya majirani kuja kuwasaidia kupalilia. Pombe ya kuwakaribisha ilishapikwa. Hakuja mtu. Wote walidhani shamba zima limemwagiwa choo. Magugu yalikuwa yamefika magotini, na wao wawili wasingeyaweza. Verediana alikaa karibu na mtungi wa pombe, akiwa na hasira ya kulia.

"Umekataa iliyoiva, ukachukua mbichi," alimwambia mumewe.

Rahel alipoitwa, alitoa shikamoo kwanza. Kisha akasema ukweli.

"Baba, hivi si vitu sawa. Kinyesi kibichi kina mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara. Hiyo sukuma wiki msile, msimpe mtu. Ing'oeni, mfukie yote kwa udongo, na hapo msipande mboga kwa sasa."

"Na ile ya kwenye mifuko?" Modest aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ile imepata joto, imepimwa. Hata hivyo iwekeni kwenye mahindi, siyo kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Na ukimaliza kazi, unanawa kwa sabuni."

Modest alifukia, akanawa. Verediana hakuridhika. Alimwambia aende nyumba kwa nyumba, akaeleze kwa mdomo wake alichomwaga na alipokimwaga. Modest alinung'unika, lakini alikwenda. Mzee Akonaay, jirani wa karibu, alicheka mpaka akakohoa, halafu akachukua jembe lake. Wengine wakamfuata, na magugu yakaisha.

Wakati wa mavuno, mahindi ya bondeni yalijaza ghala. Ya juu hayakujaza hata kona. Majirani walikuja kutazama, naye Modest akasimama mlangoni akiwafundisha habari za maranda na joto, kama vile mbolea aliileta yeye. Verediana alivumilia mpaka akashindwa.

"Waambie na habari ya sukuma wiki," alisema, akaenda kusonga ugali.

Ulikuwa ugali wa mahindi ya bondeni. Modest alimaliza sahani, akaisogeza mbele kuomba nyingine.

"Unasikia ladha ya choo?" Verediana alimuuliza.

"Ongeza tu, Mama Lucia."